Siku Meja Alipopakwa Damu

Waingereza wana neno lao, "kutiwa damu". Zamani lilikuwa la mbwa wa kuwinda walioonjeshwa damu ya kwanza, likahamia kwa watoto waliopakwa damu usoni siku yao ya kwanza kuwinda, na siku hizi hata mchezaji wa mechi ya kwanza wanasema katiwa damu. Ila Nellie Threlfall, mwenye bucha ya nguruwe kwenye kijiji kimoja cha jimbo la Lancashire, yeye alitiwa kweli jamani! Nellie akiwa na miaka minane, kapelekwa kuwinda mbweha, Meja Fenwick, mkuu wa wawindaji, alimpaka damu ya mbweha mashavuni.

"Mara yako ya kwanza, binti? Basi hunawi mpaka kesho!"

Nellie alilia, watu wazima wakacheka, Meja akawazidi wote.

Miaka thelathini Nellie kaiweka tu moyoni. Sasa siku ya sherehe ya kijiji, Meja huyo kaja buchani apigwe picha akikoroga damu ya nguruwe ya kutengenezea soseji nyeusi. Kashika mwiko kwa vidole viwili, utadhani kashika mkia wa panya.

"Meja, ushawahi kukoroga?"

"Aa, leo ndiyo mara ya kwanza, mama."

Nellie akachovya mkono kwenye beseni la damu, akampaka mashavu yote mawili, taratibu kabisa.

"We mwanamke, una wazimu?"

"Mara ya kwanza, bwana. Hunawi mpaka kesho. Si sheria yako hiyo?"

Wawindaji wake wote walikuwa mlangoni, wanatazama. Meja akaliangalia bomba la maji, akawaangalia wao, akatoka na damu yake usoni vilevile.

Nellie akafungua bomba, akanawa mikono.