Siku Nilipenyeza Trekta Mbele ya Ndege

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mimi mtu wa Kisoko, kule kwetu Tororo, nilisimamisha ndege kwa trekta ya kukata nyasi. Usicheke bado.

Nilikuwa kijana, nimetoka tu kuendesha baiskeli ya boda pale mpaka wa Busia. Sisi watu wa boda unatujua. Malori yamepanga laini mpaka karibu mbinguni, lakini tukiona kanafasi kama tundu ya sindano, tumeshapita, na abiria mnene, na mbuzi yake. Basi nikapata kazi kwa uwanja mkubwa wa ndege. Wakanipa trekta na redio. Kwa redio kulikuwa na mama mmoja, anakaa juu kwa mnara, ndiye anapanga ndege zinatembea chini kabla ziruke: hii ifuate ile, hii isimame, hii ipite kushoto. Akisema neno, ndege kubwa kama mlima wa Tororo inatulia kama ng'ombe ya kukamuliwa.

Asubuhi hiyo ndege zilikuwa nyingi kuliko kunguru. Mama akaniita. "Trekta, simama kabla ya mstari wa njano. Subiri."

Nikajibu kwa heshima, vile tunajibu wakubwa kwetu. "Ndiyo, mama."

"Rudia."

"Ndiyo mama, nimesikia."

"Sijauliza kama umesikia. Rudia maneno yangu."

Maneno gani? Mimi macho yalikuwa kwa nafasi. Katikati ya ndege kubwa na kandege kadogo nyuma yake, mahali pa kupitisha harusi nzima. Nikakanyaga mafuta.

Kubwa ikanguruma. Upepo wake ukanibeba kofia, mpaka leo sijaiona, labda inavaliwa Kisumu. Kandege kakafunga breki, pua yake karibu inibusu. Nyuma yake zote zikasimama.

Askari wa uwanja wakaninyang'anya funguo, wakanipeleka kwa mnara. Nikajua kazi imekwisha, narudi kwa baiskeli. Kumbe mama mwenyewe ni mfupi, anakunywa chai. Mbele yake vijikaratasi, kila ndege na chake, amevipanga kwa zamu.

"Uliona nini pale?"

"Nafasi, mama."

"Ile si nafasi. Pale nimeachia upepo wa ile kubwa. Kandege kakisogea kanapinduka, na ndani kuna watu. Wewe pia zamu yako nilikuwa nimekuwekea, ungengoja dakika mbili tu." Akanywa chai. "Unataka kazi?"

"Ndiyo, mama."

Akachukua funguo zangu mezani, akazishika. Hapo nikaamka, maneno yake ya redio yakanirudia.

"Nataka kazi, mama. Nasimama kabla ya mstari wa njano. Nasubiri."

Akanirudishia funguo.

Basi, mwanangu, ukiona mahali wazi mbele yako, uliza kwanza nani amepaacha wazi, na kwa nini. Na mkubwa akikutuma, usimpe "ndiyo" ya haraka. Mrudishie maneno yake, ajue yamefika. Heshima ni hiyo. Ile "ndiyo" yangu ilikuwa tamu sana, na karibu iue watu.

Mungu akupangie njia, akuite zamu yako ikifika, na kofia yako ikae kichwani.

Haya, nimesema nini? Rudia.