Waliokufa kwa Unga

Kwenye ukoo wetu unga umeua watu wawili. Si maneno yangu, ni ya serikali, na mhuri upo. Cheti cha kifo cha bibi kinasema: "Aliteleza kwenye unga, akaanguka." Cha babu kinasema hivyohivyo. Sisi ni waoka mikate, na tangu utotoni tulikuwa tukifagia sakafu ya karakana huku tukipiga kelele, "Muuaji huyo, mshike!"

Shangazi hakuwahi kucheka. Yeye ndiye aliyebaki na tanuri. Ana mikono minene kama miguu ya meza, na hasira zake ziko puani. Aliwahi kumtwanga dereva wetu kopo la hamira kichwani kwa kumpapasa binti wa kaunta, kisha akamfunga jeraha yeye mwenyewe huku akimporomoshea matusi. Nilimpenda na kumwogopa kwa pamoja.

Asubuhi ile dada yangu alifika karakana kwa miguu, taya limevimba, jino amelifumbata kiganjani. Mumewe alikuwa amembamiza mlangoni kwa sababu ya chai kupoa. Sijui hata kwa nini nataja sababu, kana kwamba ipo.

Haikupita muda, bwana mwenyewe akaja, shati limenyooshwa. Baba akamvutia kiti. Nilitamani kukipiga teke kile kiti.

"Mambo ya ndoa haya, yaishie ndani," Baba akasema. "Mchukue mkeo, mkazungumze."

Dada akajisogeza hadi mgongo ukagusa ukuta. Shangazi akafuta mikono kwenye aproni, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na vile vyeti viwili. Akavitandika juu ya meza ya kukandia.

"Soma, mwanangu."

Mkwe wetu akasoma, akatabasamu. "Nimeshasimuliwa, Shangazi. Ninyi na unga mna mkosi."

"Mama yangu hakuteleza. Baba yetu alimkamata nywele, akampigiza kichwa kwenye mlango wa tanuri. Mimi nilikuwa nimejificha chini ya meza hii. Mfupa niliusikia. Akamwaga unga pale alipolala, akanishika mkono, tukaenda kuandikisha kifo. Njia nzima ananikaririsha: aliteleza kwenye unga. Karani akaniuliza na mimi, nikajibu kama nilivyofundishwa. Zamani karani aliandika alichoambiwa na mfiwa, basi."

Baba alikuwa mchanga bibi alipokufa. Hayo hakuwahi kuambiwa. Alikaa mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwonea huruma.

"Na huyu?" Mkwe aligusa cheti cha pili. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Huyo alirudi amelewa, akamrukia huyu mdogo wangu." Akamwelekezea Baba kidevu. "Alikuwa kijana mwembamba, hana nguvu ya kumtoa hata paka. Nikamkuta amekabwa, macho yamemtoka, miguu inapigapiga sakafu."

Baba akajishika shingo.

"Nikachukua huu hapa." Nyuma yake, kwenye ukuta, uliegemea ule mti mrefu wa kutolea mikate, mpini umeng'aa kwa kushikwa. "Pigo la kwanza alinitukana. La pili hakusema kitu. Nikaendelea mpaka mdogo wangu akanishika mikono. Kisha nikamwaga unga, nikaenda kuandikisha. Njia nilikuwa naijua. Marehemu mwenyewe ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza."

Tanuri lilikuwa linanguruma, na mimi nilijawa na furaha mbaya ambayo mpaka leo sijaionea aibu.

Shangazi akachota bakuli la unga, akaumwaga taratibu mbele ya viatu vya mkwe wetu, ukatanda mpaka miguuni pa dada.

"Haya, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Pita umchukue mke wako."

Mwanamume aliutazama unga, akautazama ule mti. Akaondoka kwa kurudi nyuma, amekumbatia ukuta, akinyanyua miguu juujuu. Tukasikia gari likiwashwa, likizima, likiwashwa tena.

Baba alisimama, uso umemshuka, akaenda kuchukua ufagio. Hakumtazama mtu. Alipoinama tu kufagia, dada akamzuia, maneno yakimtoka kwa shida kwenye lile taya.

"Uache huo unga, Baba. Anaweza kurudi."