"Mm" ya Fundi Cherehani

Kisa hiki nilikisikia kwanza kwa shangazi yangu, mwaka 1992, wiki ileile kilipotokea. Mumewe alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Nyakabanda, na kila jioni alichunguza dhamiri yake kwa sauti.

Siku hiyo alikuja mteja mgeni kupunguziwa suruali. Fundi alipiga magoti kupima upindo, pini zimejaa mdomoni.

"Fundi, ile jirani yako iko na wageni wa kutoka mbali?"

"Mm," fundi akajibu.

Wakati ule wa vita, mwenye wageni wa mbali alishukiwa kuficha waasi, na jibu kama hilo lilitosha kumfungisha mtu.

Jioni akasali: "Bwana, leo sikusema uongo, wala sikumchongea mtu."

"Baba watoto," shangazi akamkatiza, "ile 'mm' ilikuwa ndiyo ama hapana?"

"Ilikuwa pini."

"Na yeye alisikia pini?"

Fundi akavaa viatu, akaenda kumwonya jirani, ambaye alihamia Masaka mara moja.

Tangu hapo, mtu akijisifu kwamba hakusema kitu, namuuliza msikilizaji wake alielewa nini.

Jirani yu hai, shangazi pia. Fundi tulimpoteza mwaka 1994. Mteja yule hatukumjua jina. Huenda anasoma gazeti hili.