Ushahidi Utoke Kibanjani Mwako

Wakati wa Waingereza, kabla sijafikisha miaka thelathini, tulikuwa na kikao cha mabishano kila Jumamosi alasiri katika darasa la kanisa, kando ya barabara ya Kemondo. Sheria yetu ilikuwa moja: anayedai jambo alete ushahidi wa kwake, si wa jirani. Tuliiweka ili kuzuia umbeya. Hatukufikiri kwamba ingeweza kumnyima mtu chakula.

Mwaka mmoja serikali iliamuru migomba yenye fukusi, wadudu ambao mabuu yao hutoboa shina, ing'olewe na kuchomwa. Watu wengi walisema fukusi ni uzushi, migomba inaangushwa na upepo na udongo uliochoka. Mimi nilikuwa seremala, shule niliiacha darasa la nne, lakini nilisoma kila kijitabu cha kilimo nilichokipata, kisha nikajaribu mwenyewe. Nilipasua mashina manne ya migomba iliyoonekana mizima. Matatu yalikuwa na vijia vyeusi ndani.

Yote manne yalikuwa ya kwetu. Kibanja chetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kililisha watu saba, na baba amezikwa humo.

Jumamosi ile nilisimama nikasema fukusi wapo. Sikusema nimewaona wapi, kwa sababu mkuu wa kijiji, msimamizi wa amri ile, ambaye kabla ya siku hiyo hakuwahi kufika kikaoni, alikuwa ameketi dawati la nyuma akizungusha kofia mikononi.

Aliyenipinga alikuwa mzee mkulima, mkali wa ulimi.

"Mwanangu, umewaona au umewasoma?"

"Nimewaona, tata," nikamjibu, kama mtu anavyomwita baba.

"Wakakuamkia?"

Darasa likaangua kicheko. Alingoja kiishe.

"Kibanja cha nani?"

Nikisema cha jirani, nimevunja sheria na nimemchongea mtu. Nikisema nimekosea, watu wataendelea kugawiana machipukizi yenye fukusi, nami nikijua. Kule nyuma kofia iliacha kuzunguka.

"Chetu," nikasema.

Hakuna aliyecheka.

"Basi twende tukaone," alisema mzee.

Mama alikuwa akimenya ndizi alipotuona tukiingia kwa mstari. "Watu wote hawa! Nani kafa?" Mzee alichagua mwenyewe mgomba wa kupasua, mnene kuliko yote, wenye majani ya kijani kibichi. Alitaka nishindwe. Mimi pia, wakati huo, niliomba nishindwe.

Panga lilipopita, vijia vilikuwepo. Mzee alichokonoa kwa kijiti akatoa buu jeupe, akaliweka kiganjani.

"Nimeshindwa," akasema.

Mkuu wa kijiji alikuwa ameshaanza kutembea, akigusa migomba mmoja mmoja kwa fimbo. Safu zote za chini, mpaka kaburini kwa baba, akatupa siku saba tuwe tumeing'oa yote.

"Umesema nini huko?" mama aliniuliza walipoondoka. Nilimweleza. Hakunigombeza. Alirudi kwenye ndizi zake, akapunguza alizokuwa amekusudia kupika.

Jumatatu asubuhi mzee alikuja na jembe begani. Tuling'oa mpaka jua likawa kali, ndipo akaegemea mpini.

"Fukusi nimewakubali. Lakini kwamba dawa ni kung'oa hata mizima, hilo hapana! Lete ushahidi Jumamosi."

Nilitazama barabarani kwanza, kama mkuu wa kijiji hapiti.

"Waitu, mzee wangu, punguza sauti," nikamwambia.