Mguu wa Shangazi na Marehemu Waziri Mkuu

Shangazi yangu anatengeneza miguu ya bandia. Nikitoka shule hupitia karakanani kwake kuchungulia, maana miguu imening'inizwa ukutani kama nguo, na mimi siachi kushangaa.

Mwenyewe anatembelea mguu wa bandia. Alipokuwa msichana wa kiwandani, yeye na wenzake waligoma, waziri mkuu wa wakati ule akaamuru wapigwe risasi; ndipo alipopoteza mguu. Baadaye waziri mkuu huyohuyo akajenga karakana hii, watu wapate miguu bure. Shangazi akaja kuchukua wake, akabaki kufanya kazi.

Mzee huyo alifariki juzijuzi, wakubwa wakaamua karakana iitwe kwa jina lake. Msimamizi akamchagua Shangazi asome shukrani. Basi, mabishano!

"Shukuru tu, mama," alisema dereva mmoja aliyekuja kupimwa, kigutu chake kimezungushiwa plasta mbichi. "Bila yule bwana ningekuwa natambaa."

"Na bila yule bwana, huyu mama angekuwa na miguu yake miwili," mshona mikanda ya miguu akamrukia.

"Wewe nawe! Serikali gani haijakosea?"

"Kukosea ni kutia chumvi kwenye chai, kaka. Ile ilikuwa amri."

"Acha kutikisika," Shangazi akamwambia dereva. "Mguu utakaa upande."

Nikashindwa kujizuia. "Kwani Shangazi, unampenda au unamchukia?"

Akaendelea kulainisha plasta. "Kila mtu ananiuliza hilo. Siku yenyewe ilikuwaje, hakuna anayeuliza."

Nikamuuliza. Akanisimulia habari za rafiki yake wa mashine ya jirani, aliyemwangukia kifuani, na alivyomsemesha muda mrefu asijue anaongea na maiti.

Siku ya sherehe karatasi ya shukrani hakuifungua. "Mguu huu alinipa yeye," alisema. "Ule mwingine aliuchukua yeye. Rafiki yangu hakurudishiwa kitu." Akaketi. Makofi hayakusikika. Hata baba, kaka yake wa damu, aliinamia viatu vyake.

Jumatatu nilimsindikiza Shangazi kazini, msimamizi akamzuia mlangoni. Kwa upole, hata pole alimpa. "Umetuaibisha mbele ya familia ya marehemu, dada."

"Na mguu wa dereva? Haujaisha."

"Atamalizia mwingine."

"Mwingine nani?"

Mlango ukafungwa. Nilimshika mkono tukarudi nyumbani polepole. Nilikuwa na swali moja, nikaogopa kulitoa: mguu wake ukiharibika, ataupeleka wapi?