Darubini ya Mara Ishirini

Mwaka ule watu waliniuliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Binti yangu alikuwa mzima, anasoma Mwanza, na hunipigia simu kila Jumapili. Mume wangu tuliachana zamani bila kelele. Kazi nilikuwa nayo: muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Dodoma, mwaka wa ishirini na tatu, yule anayesimama kando ya daktari na kumkabidhi kisu, koleo, uzi. Sikuwa na huzuni. Nilikula bila kusikia chumvi, na wenzangu wakicheka nilicheka baada yao. Wagonjwa wanaochomwa sindano ya ganzi mgongoni huniambia kwamba wanaona mguu unainuliwa lakini mguu si wao. Ndivyo nilivyokuwa.

Aliyenitoa ndani ni jirani yangu wa Chang'ombe, mwalimu mstaafu wa baiolojia, mwanamke aliyenizidi kama miaka kumi na mitano. Alikuwa na gari dogo na darubini ya macho mawili, na kila Jumamosi alfajiri alikwenda bwawa la Hombolo kutazama ndege. Siku moja aligonga mlango wangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vaa viatu twende."

Nikavaa viatu. Kukataa kungehitaji maelezo.

Kule bwawani tulitumia darubini yake kwa zamu. Ndege wa ukingoni niliwaona vizuri, korongo na bata na wale wadogo wanaokimbia juu ya tope, lakini sikuwa na haja nao. Niliwataka wale wa katikati kabisa ya maji, alama nyeupe ambazo Mwalimu alisema ni mwari, ndege wakubwa wa maji. Kwa darubini yake walikuwa punje za mchele. Sijui kwa nini niliwataka wa mbali. Labda kwa sababu wao hawakuwa na habari nami. Jumamosi ya nne nikamwambia nitanunua darubini yangu, kubwa kuliko yake.

"Hii inakuza mara nane, inatosha," akasema. "Watu wa ndege hawaendi zaidi ya kumi."

"Nataka ya ishirini."

"Ya ishirini haishikiki mkononi."

Sikumbishia. Alhamisi, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda katikati ya mji kwenye duka la saa na kamera la mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi, ambaye alilirithi kwa baba yake. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza ninataka kuona nini.

"Ndege. Walio mbali."

"Wanaoruka au waliotulia?"

"Waliotulia."

Akatandika kitambaa juu ya kaunta akapanga darubini tatu. Alizungumza taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kuuza. Namba ya kwanza, alisema, ni mara ngapi inakuza; ya pili ni upana wa kioo cha mbele. Ukikuza sana, unaona sehemu ndogo, na picha inaingia giza kidogo. Tena, hapa kwetu, jua likishapanda hewa yenyewe inachemka juu ya ardhi, na darubini kubwa inaikuza hiyo hewa pia. "Na mkono," akamalizia. "Ya ishirini inakuza mkono mara ishirini."

Tukatoka hadi mlangoni. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mnara wa simu, na juu yake ametua mwewe. Nikainua ile ya ishirini. Nikaona chuma, anga, chuma, kisha mwewe akapita mbele ya macho yangu, akarudi, akapita tena, kana kwamba kuna mtu anayemvuta kwa uzi.

"Kila mtu humtokea hivyo," mzee akasema. "Egemeza viwiko hapa kwenye fremu ya mlango. Vuta pumzi, itoe, halafu utazame."

Nikafanya hivyo. Mwewe bado alicheza. Mzee akaichukua, akaegemea palepale, akatazama. Alikuwa na umri wa kuwa baba yangu. "Mimi naona jicho lake," akasema, bila kujisifu. Akanipa ya kumi. Mwewe akatetemeka. Akanipa ya nane, aina ileile ya Mwalimu, na bado mwewe hakutulia.

Ndipo nikagundua kwamba hata ile ya Mwalimu ilikuwa ikitetemeka tangu Jumamosi ya kwanza, nami nilidhani ni upepo wa bwawani.

Mzee hakuwa akitazama mnara tena. Alikuwa akitazama vidole vyangu.

"Mama, umekula asubuhi?"

"Nimekula."

"Unafanya kazi gani?"

Nikamwambia. Alikikunja kile kitambaa cha kaunta mara mbili, akakikunjua. Mimi nilingoja hofu ije, haikuja. Nilikumbuka tu, kama mtu anayesoma faili la mwingine, kwamba kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeacha kumkabidhi daktari sindano kwa mkono mmoja; nilikuwa natumia yote miwili. Nilikumbuka sindano iliyoniponyoka wiki mbili nyuma, tukaikuta sakafuni kabla ya mgonjwa kushonwa. Nilisema glovu zilikuwa kubwa.

"Nitachukua ya ishirini," nikasema.

"Mama, haitakufaa."

"Una stendi ya miguu mitatu?"

Akanitazama kidogo, akaingia stoo, akatoka na stendi ya kamera na kipande cha chuma cha kuunganishia. Alinifungia mwenyewe, akanionyesha jinsi ya kukaza.

Kesho yake asubuhi kazini, kabla ya kunawa mikono kwa upasuaji, nilimfuata msimamizi wetu, dada ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kazi.

"Mikono yangu inatetemeka," nikamwambia.

"Tangu lini?"

"Sijui. Nimejua jana."

Akaniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatoa sauti. Macho yake yalijaa machozi; yangu yalikuwa makavu, nikamwonea aibu. "Leo usiingie," akasema. Siku hiyo nilikunja mashuka ya kijani. Wiki iliyofuata nilihamishiwa chumba cha kusafishia vifaa, ambako nipo mpaka leo.

Daktari wa mishipa ya fahamu alisema ni mtetemeko wa kurithi, hauui, na akanipa vidonge. Aliuliza nani katika ukoo alikuwa nao. Nikamkumbuka baba, kule Kibakwe, akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Kule kuna milima na baridi. Tulidhani anaota joto. Nilimweleza daktari hayo kwa sauti ileile niliyotumia kumtajia umri wangu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Hombolo. Nilisimamisha stendi kwenye ardhi ngumu, nikakaza, nikaondoa mikono. Picha ikatulia. Mwari mmoja alikuwa ndani yake mzima: mfuko wa njano chini ya mdomo, manyoya ya kisogoni yaliyovurugika, tope kifuani. Alifungua mdomo akaufunga. Nikamtazama mpaka shingo ikauma. Nilitegemea kusikia kitu, na labda nilisikia, kidogo, kama mguu unapoanza kurudi. Kisha kundi zima likaruka. Kwa stendi ile sikuweza kuwafuata. Nikabaki natazama duara la maji matupu, huku Mwalimu pembeni akiwafuata kwa darubini yake mpaka walipotua ng'ambo.

"Umenunua darubini isiyoweza kugeuka," akasema.

"Najua."

"Unataka yangu?"

"Hapana."

Nikaanza kuwatafuta upya, taratibu, nikizungusha stendi kidogo kidogo. Iliwachukua muda kuingia. Saa nne hewa ilianza kuchemka na mwari wakawa kama moshi, tukafungasha. Garini Mwalimu alinipa daftari niandike tuliowaona, kwa kuwa yeye alikuwa anaendesha. Niliandika huku barabara ikitutikisa, na barabara ilipokuwa laini pia niliandika vilevile. Alipoegesha Chang'ombe alivaa miwani akasoma.

"Hii ni moja au saba?"

"Saba."

Akachukua kalamu, akaiandika saba upya juu ya yangu, akaendelea na mstari wa chini.