Leso Niliyofungia Geti la Kidimbwi

Mwanangu, kaa hapa kidogo kabla hujawapeleka watoto kwa hiyo sherehe ya kuogelea. Kuna siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, na kinachonirudia ni kimya chake.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Nilikuwa yaya huko mtaa wa Loresho, kwa familia moja ya Kihindi. Kila asubuhi nilitembea kutoka Kangemi, leso kiunoni, nikijiona mjanja kuliko wote. Nilimlea Mira, wa miaka mitatu, mtoto wa kuimba kutwa nzima. Nyuma ya nyumba palikuwa na kidimbwi cha kuogelea chenye ua wa chuma, na geti lake lilikuwa na springi. Ukiliachilia, linajifunga lenyewe.

Siku ya karamu, springi hiyo ilinichosha. Kila nikipita na sinia ya samosa, geti linanigonga kisigino. Nikavua leso, nikalifunga geti kwenye nguzo likae wazi. Mpishi wetu, Mzee Shikuku, mtu wa Kakamega asiye na maneno mengi, akaniona kupitia dirisha la jikoni.

"Petronila, toa hiyo kitu."

"Nitatoa, mzee. Wacha nimalize sahani kwanza, ni mingi."

"Maji haingoji umalize sahani."

Nilimpuuza, Mungu anisamehe. Kando ya maji palikuwa na watu wazima karibu ishirini, sasa hofu ya nini? Lakini mama mtu alidhani Mira yuko nami, mimi nikadhani yuko na mamake, na wageni wakadhani mwenye mtoto anaangalia. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Baadaye kidogo nikatupa jicho kwenye kidimbwi, nikamwona. Alikuwa wima majini, uso umeangalia juu, nywele zimemfunika macho, mdomo wazi. Mikono yake iliyakanda maji polepole, kama mtu anayepanda ngazi. Hakulia. Hakurusha maji. Nikadhani anacheza.

Mwanangu, nilimpungia mkono.

Ni Mzee Shikuku aliyetoka jikoni, kisu bado mkononi, akauliza, "Mbona mtoto haimbi?" Hakungoja jibu. Alitupa kisu na kuruka majini na aproni yake.

Alipomtoa, midomo ilikuwa ya buluu. Muziki uliendelea kucheza, na mgeni mmoja alibaki ameshika samosa karibu na mdomo. Mama mtu akapiga magoti, akampulizia pumzi, mara nyingi mno, hata nikaanza kutamani ardhi inimeze. Kisha Mira akakohoa, akalia. Sijasikia kilio kitamu kama kile.

Walipoondoka naye kwenda hospitali, Mzee Shikuku alifungua leso yangu getini. Geti likajifunga lenyewe, taratibu, hakuna aliyeligusa. Akanipa leso bila kupandisha sauti.

"Karibu tumfunike mtoto na hii."

Mira alipona, akakua, sasa ni mama wa watu. Lakini mimi hata leo wajukuu wakinyamaza ghafla chumba cha pili, huinuka kabla sijajua nimeinuka. Wanacheka, wacha wacheke.

Basi shika neno langu. Mtoto anayezama haiti mtu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapo pa kuogelea, mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mwangalizi, akae akitazama maji, si simu wala soga. Akichoka, amkabidhi mwingine kwa mdomo, na huyo aitikie. Mtoto asipoonekana, anza kumtafuta majini, chumbani baadaye. Na geti la kidimbwi lisishikiliwe wazi na kitu chochote, hata kwa dakika moja, hata mikono yako ikiwa imejaa.

Leso yenyewe ndiyo hii. Sijaivaa tangu siku ile. Leo jifunge wewe kiunoni, ikukumbushe. Mungu akutangulie, mwanangu, na watoto wote unaokwenda nao warudi nyumbani wakipiga kelele.